Baada ya Mbio: Watu Waliowapokea Greihaundi

Mbwa wa mbio wa Marekani alibeba cheti chake masikioni. Angali mdogo alipigwa tatuu: sikio la kushoto namba ya uzao, sikio la kulia mwezi na mwaka wa kuzaliwa, pamoja na herufi ya kumtofautisha na ndugu zake wa tumbo moja. Aliyeandikwa 54B alizaliwa Mei ya mwaka unaoishia na 4, naye ni wa pili katika orodha ya ndugu zake. Alama hizo ziliwekwa kwa ajili ya kamari. Mtu aliyeweka dau alitaka hakika kwamba mbwa anayetoka langoni ni yule yule aliyetajwa kwenye karatasi, si ndugu yake anayefanana naye na kumshinda kasi.

Januari 1992, katika shamba la michungwa lililotelekezwa huko Chandler Heights, Arizona, ilikutwa mizoga ya greihaundi zaidi ya 140. Masikio yalikuwa yamekatwa. Aliyeyakata alijua vizuri kwamba sikio ndilo litakalomtaja mwenye mbwa.

Habari hiyo ilienea Marekani nzima, na wengi walioisoma ndipo kwa mara ya kwanza walipojiuliza mbwa wa mbio huenda wapi akianza kushindwa. Walikuwapo wachache waliolijua jibu tangu miaka kumi nyuma. Hao hawakuhitaji gazeti. Mbwa wa namna hiyo walikuwa wamelala sebuleni kwao.

Greihaundi ni mbwa mrefu, mwembamba, kifua kimeshuka na tumbo limepanda hadi karibu na uti wa mgongo. Msomaji aliyewahi kuishi Oman au Dubai na kumwona saluki atapata picha upesi, ila greihaundi ana misuli zaidi na hana manyoya marefu masikioni. Hukimbia karibu kilomita 70 kwa saa, lakini kwa muda mfupi tu. Hafukuzi kwa kunusa. Hufukuza kile anachokiona kikikimbia. Kwa karne nyingi mabwana wa Uingereza waliwaachilia wawili wawili nyuma ya sungura hai na kushindania ni yupi mwepesi zaidi, na kombe lao kubwa, Waterloo Cup, lilianza mwaka 1836. Lilikuwa jambo la wenye ardhi na wenye nafasi.

Aliyeligeuza kuwa biashara ya umma ni Mmarekani, Owen Patrick Smith. Inasemekana alichukizwa na kuona sungura wakiraruliwa, akakaa miaka akihangaika na mtambo wa kuvuta sungura bandia kwenye reli kuzunguka uwanja. Kufikia 1920 mtambo wake ulikuwa ukifanya kazi Emeryville, California. Ni ajabu ya historia hii kwamba chanzo chake kilikuwa huruma: mtu alimwonea huruma sungura, na huruma hiyo ikazaa tasnia ambayo baadaye ingewaua mbwa kwa maelfu.

Sungura wa bati alivuka bahari haraka. Tarehe 24 Julai 1926 uwanja wa Belle Vue ulifunguliwa Manchester mbele ya watazamaji wapatao 1,700, na mbwa aitwaye Mistley akashinda mbio za kwanza. Siri ya mafanikio ilikuwa saa. Mbio za farasi ziliendeshwa mchana, mbali na miji. Mbio za mbwa zilianza jioni, taa zimewashwa, umbali wa nauli ya tramu kutoka kiwandani. Mfanyakazi aliweza kunawa, kula, kupoteza shilingi zake na kurudi nyumbani usiku ule ule. Miaka michache baadaye Uingereza ilikuwa na shujaa wa miguu minne, Mick the Miller wa Ireland, aliyeshinda Derby ya Kiingereza mwaka 1929 na tena 1930. Alipokufa alikaushwa, na mpaka leo mwili wake umo katika jumba la makumbusho la Tring. Ni mbwa wachache wa mbio waliotunzwa vizuri kiasi hicho baada ya kustaafu.

Florida ilihalalisha kamari ya aina hii mwaka 1931, na kwa miongo sita viwanja vilichipuka hadi vikapita 50 Marekani nzima. Mwaka 1991 Wamarekani waliweka madau ya takriban dola bilioni 3.5 juu ya mbwa.

Sasa tufanye hesabu ambayo viwanja havikupenda ifanywe. Greihaundi huishi miaka 12 au zaidi. Mbio anazianza akiwa na mwaka mmoja na nusu hivi, na akiwa na bahati atazimaliza akiwa na miaka minne au mitano. Wengi hawafiki huko. Uwanja wa Marekani uliwapanga mbwa kwa madaraja. Aliyeshindwa mfululizo alishushwa, akishindwa tena alishushwa tena, na chini ya daraja la mwisho hapakuwa na daraja jingine. Huyo alikuwa bado kijana, mzima, ana miaka minane ya kula mbele yake. Kizimba chake kilihitajika kwa mwingine, kwa kuwa wafugaji walikuwa wakizalisha kila mwaka. Wengine waliishia kwa daktari wa mifugo na sindano ya mwisho, wengine maabara, na wengine, kama wale wa Chandler Heights, waliishia kwa mtu mwenye bunduki.

Uingereza ilitangulia kujaribu kitu. Katikati ya miaka ya 1970 wasimamizi wa mbio wenyewe walianzisha mfuko wa kuwatafutia mbwa waliostaafu makao, Retired Greyhound Trust, ukiendeshwa na matawi ya watu wa kujitolea karibu na viwanja. Marekani ilisubiri hadi 1982, kilipoanzishwa kikundi cha Retired Greyhounds as Pets, kwa ufupi REGAP. Mwaka 1987 kikafuata Greyhound Pets of America, chenye matawi katika majimbo mengi.

Adui wao wa kwanza alikuwa picha iliyokuwa kichwani mwa umma. Watu walikuwa wamemwona greihaundi kwa mbali tu, akiwa na kikapu cha waya mdomoni, akikimbilia kitu ili akirarue. Wakahitimisha kwamba ni mnyama mkali. Watu wa viwanjani nao waliamini, au walijifanya kuamini, kwamba mbwa aliyelelewa bandani hawezi kamwe kukaa na watoto. Kikapu kile kilivaliwa kwa sababu mbwa wanane wanaogombea nafasi kwenye kona huweza kung'atana kwa msisimko, na pia kilisaidia kuamua nani ametangulia kuvuka mstari kwa pua. Kueleza jambo dogo namna hiyo kuliwachukua watu wa kujitolea miaka. Walisimama Jumamosi nzima mbele ya maduka ya vyakula vya wanyama, mbwa wanne watano wamejilaza miguuni pao, wakingoja mpita njia athubutu kunyoosha mkono.

Kazi yenyewe ilianzia nyuma ya uwanja, mara nyingi alfajiri. Mwalimu wa mbwa alipiga simu: nina watatu, njooni leo, kesho sina nafasi. Mtu akatoa viti vya nyuma vya gari, akatandika blanketi, akaenda. Mbwa walitoka katika vizimba vilivyopangwa ghorofa mbili, ambamo wengi walifungiwa saa 20 au zaidi kwa siku. Mapajani walikuwa na vipara vya kusugua sakafu. Walijaa kupe na viroboto, na minyoo haikukosekana. Meno yalikuwa yameoza, kwa sababu chakula chao cha miaka yote kilikuwa uji wa nyama mbichi iliyokataliwa kwa binadamu, ya ng'ombe waliokufa au waliokuwa wagonjwa. Jambo la kwanza lilikuwa kuwaogesha gereji, na maji yalitoka mekundu ya vumbi na damu ya viroboto.

Kisha hospitali, na hapo ndipo watu hawa walipojifunza udaktari bila kutaka. Greihaundi ana mafuta machache sana mwilini, na ini lake huchelewa kuondoa baadhi ya dawa. Nusukaputi ya thiopentali, iliyokuwa ya kawaida kwa mbwa wengine, ilimlaza saa nyingi kupita kiasi na wengine hawakuamka. Habari hiyo ilisambazwa na vikundi vya uokoaji kwa karatasi walizozitoa wenyewe, na kila familia iliyochukua mbwa ilipewa nakala ya kumwonyesha daktari wake. Madaktari nao waligundua faida: damu ya greihaundi ina chembe nyekundu nyingi, na wengi wao wana kundi la damu linaloweza kupewa mbwa yeyote. Benki za damu za mbwa zikawa zinawatafuta.

Sehemu inayonivutia mimi kuliko zote ni ile ya kumfundisha mbwa mzima kuishi ndani ya nyumba. Hebu fikiria mnyama wa miaka mitatu ambaye hajawahi kuona ngazi. Akifika chini yake husimama kama aliyefikishwa ukingoni mwa korongo, na mtu hulazimika kumshika miguu, wa mbele halafu wa nyuma, kidaraja kwa kidaraja, mpaka akili ielewe. Mlango wa kioo haujui. Huugonga kwa kichwa akiwa katika mwendo kasi. Kioo cha kujitazama humletea mbwa mgeni asiye na harufu. Hajawahi kuwa peke yake hata siku moja, kwa hiyo familia inapotoka kwenda kazini hulia mpaka majirani walalamike. Akiguswa usingizini huruka akibweka, maana kizimbani hakuna aliyewahi kumgusa akiwa amelala. Wala usimtarajie akae kitako ukimwamuru: mapaja yale hayamruhusu kukaa kwa raha.

Ukanda wa shingoni nao ulikuwa somo. Kichwa cha greihaundi ni chembamba kuliko shingo yake, hivyo ukanda wa kawaida huvuka masikio mbwa akirudi nyuma kidogo, na greihaundi aliyeponyoka barabarani hakuna binadamu wa kumfikia. Waokoaji walitumia ukanda unaojibana mbwa akivuta, na wakaweka sharti katika mkataba: asitembezwe bila kamba, popote, milele. Wachukuaji wengi walidhani ni sharti la kutisha tu. Vikundi vilikuwa na orodha ya mbwa waliogongwa na magari iliyowakumbusha kwa nini liliandikwa.

Kulikuwa na kipimo cha paka pia. Mbwa aliyevikwa kikapu mdomoni aliingizwa chumba alimo paka mmoja mzoefu, asiyeogopa. Akikodoa macho na kutetemeka, huyo atakwenda nyumba isiyo na paka. Akigeuza uso, amefaulu. Wale paka, waliofanya kazi hiyo mwaka hadi mwaka bila malipo, nadhani nao wanastahili kuhesabiwa miongoni mwa waliojitolea.

Na halafu hutokea kitu ambacho kila aliyewahi kumlea mmoja hukisimulia karibu kwa maneno yale yale. Wiki ya tatu, ya nne, mbwa hugundua kochi. Mnyama aliyezalishwa kwa vizazi vingi kwa ajili ya mwendo wa nusu dakika ana hitaji dogo la mazoezi kuliko mbwa wadogo wa kelele. Akishakimbia raundi mbili uani, hulala siku nzima. Picha hiyo ya mbwa wa nyumbani ilifika hata kwenye televisheni: Desemba 1989 katuni ya The Simpsons ilianza kurushwa Marekani na kipindi cha Krismasi ambamo baba anapoteza dau lake kwa greihaundi aliyemaliza wa mwisho, mbwa anafukuzwa na mwenyewe, na familia inamchukua. Mamilioni ya watoto walikua wakijua kwamba greihaundi aliyeshindwa huenda nyumbani kwa watu. Walikuwa wameambiwa kweli iliyokuwa bado inatafutiwa nafasi ya kutimia.

Lakini kila mbwa aliyeokolewa alipatikana kwa mlango mmoja tu, nao ulikuwa wa uwanja. Mwenye mbwa alikuwa mfanyabiashara. Hakulazimishwa na sheria yoyote kumtoa. Akikasirishwa, angeacha kupiga simu. Usimtukane mamba kabla hujavuka mto, na watu hawa walikuwa wakivuka mto ule ule kila wiki. Greyhound Pets of America ilijiwekea msimamo rasmi wa kutounga mkono wala kupinga mbio. Vikundi vingine viliamua kusema, na simu zao zikanyamaza. Ugomvi kati ya makundi haya mawili ulikuwa mchungu kuliko ugomvi wao na viwanja. Waliosema waliwaita wenzao wafagiaji wa kampuni, watu wanaoisafisha tasnia ili ionekane ina moyo. Walionyamaza walijibu kwa swali: mbwa aliyeko kizimbani leo, hotuba yako itamtoa saa ngapi?

Matukio yalizidi kuwapa hoja waliosema. Mwaka 2000 ilifichuka huko Wisconsin kwamba mtu mmoja wa tasnia alikuwa amekusanya greihaundi wapatao 1,000 kwa ahadi ya kuwatafutia makao, kisha akawauza kwa kampuni iliyotengeneza vifaa vya moyo, wafanyiwe majaribio. Mwaka 2002, kijijini Lillian, Alabama, polisi walikuta katika shamba la mlinzi mmoja wa zamani wa uwanja wa Florida mabaki ya mbwa aliokiri kuwapiga risasi kwa ujira wa dola 10 kila mmoja. Makadirio yalifika 3,000. Alikufa kabla kesi haijasikilizwa.

Uingereza, ambako mfuko wa kuwatunza mbwa ulikuwa na umri wa miaka 30, haikuwa na la kujivunia pia. Julai 2006 gazeti la Sunday Times liliandika kuhusu mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi wa Seaham, kaskazini mashariki, aliyekuwa akiua greihaundi kwa paundi 10 na kuwazika kiwanjani kwake. Ilikadiriwa kwamba katika miaka 15 alikuwa ameua zaidi ya 10,000. Alipofikishwa mahakamani mwaka uliofuata alitozwa faini ya paundi 2,000, na kosa lenyewe lilikuwa kutupa taka bila kibali. Kumuua mbwa mzima kwa njia ya haraka halikuwa kosa. Uchunguzi wa tasnia ulioongozwa na Lord Donoughue ukafuata, kisha chombo kipya cha usimamizi mwaka 2009, na kanuni za 2010 zilizodai daktari awepo kila uwanjani na kila mbwa awe na chipu mwilini. Ilipofika 2020 ndipo lilipoletwa jambo ambalo watu wa kujitolea walikuwa wakiliomba tangu mwanzo, yaani fedha ziwekwe akiba mbwa anaposajiliwa: paundi 400 kwa wakati huo, zinazolipwa kwa kituo kitakachompokea akistaafu.

Huko Marekani waliosema walikwenda kwa wapiga kura. Massachusetts ilijaribu mwaka 2000 na kupiga marufuku kukashindwa kwa kura chache sana. Kikundi cha kupinga mbio cha GREY2K USA, kilichoundwa mwaka uliofuata, kilirudi na hoja ile ile mwaka 2008, safari hii kwa picha za vizimba na kumbukumbu za mifupa iliyovunjika, na asilimia 56 ya wapiga kura wakasema mbio zikome. Viwanja vya Raynham na Wonderland vilipewa hadi mwisho wa 2009.

Florida ndiyo ilikuwa ngome. Mwaka 2018 viwanja 11 kati ya 17 vilivyobaki Marekani vilikuwa huko. Na hapa kuna kichekesho kichungu: wenye viwanja wengi hawakuzitaka mbio tena. Watazamaji walikuwa wamehamia kwenye mashine za kamari na meza za karata, na mbio zilikuwa zikiwapa hasara. Lakini sheria ya jimbo iliwaruhusu kuendesha karata kwa sharti la kuendelea kukimbiza mbwa. Kwa hiyo mbwa walikimbia mbele ya viti vitupu ili mlango wa chumba cha karata ubaki wazi. Novemba 2018 marekebisho namba 13 ya katiba ya jimbo, ya kukomesha mbio, yalihitaji asilimia 60 ya kura, yakapata 69. Vikundi kadhaa vya kuwatafutia mbwa makao viliyapinga hadharani, vikihofia maelfu ya mbwa kumwagwa kwa siku moja.

Hofu hiyo haikutimia. Viwanja vilifunga kimoja kimoja katika miaka miwili ya matayarisho, mbio za mwisho zikakimbiwa Palm Beach usiku wa 31 Desemba 2020, na familia za kuwapokea mbwa waliotolewa hazikukosekana. Maelezo ya kawaida ni kwamba ugonjwa wa korona uliwafungia watu majumbani na wote wakataka mbwa. Ni kweli kwa sehemu. Mimi nadhani sababu kubwa zaidi ni wale walionyamaza. Kwa miaka karibu 40 walikuwa wamewaingiza greihaundi katika mitaa ya kawaida, nyumba moja baada ya nyingine, mpaka jirani wa kila mtu, au binamu yake, alikuwa na mmoja kwenye kochi. Mpiga kura wa Florida hakuulizwa kuhusu mnyama wa kwenye karatasi ya madau. Aliulizwa kuhusu mbwa aliyewahi kumkuna masikio. Walionyamaza walimwandaa shahidi, waliosema wakamwita mahakamani, na nadhani hakuna kundi ambalo lingeweza kazi ya mwenzake, ingawa hadi leo wengine hawasalimiani.

Kisa kilichopima uwezo wa mtandao huu wote kilitokea mbali na Marekani. Macau ilikuwa na Canidrome, uwanja pekee halali wa mbio za mbwa nchini China, uliozungukwa na maghorofa ya makazi. Mbwa wake waliagizwa kutoka Australia, nao waliingia bila kutoka: gazeti la South China Morning Post liliripoti mwaka 2011 kwamba mwaka uliotangulia 383 walikuwa wameuawa. Chama cha kutetea wanyama cha ANIMA, kikiongozwa na Albano Martins, Mreno mkazi wa Macau, kilianza kupiga kelele pamoja na GREY2K. Chama cha mbio cha Australia kilisimamisha vibali vya kuwapeleka huko mwaka 2013, na shirika la ndege la Qantas nalo likakataa kuwabeba mbwa wa mbio kwenda Asia. Julai 2016 serikali ya Macau iliiambia kampuni iliyoendesha uwanja: miaka miwili, kisha ondokeni.

Miaka miwili ilipita. Julai 2018 mkataba ulikwisha, na mbwa zaidi ya 500 walikuwa bado mabandani, bila mpango wowote wa maana wa kuwahamisha. Ikabidi maofisa wa serikali waingie kuwalisha. ANIMA ikachukua mzigo wa kuwatafutia makao, katika mji mdogo wa vyumba vya ghorofani ambamo mbwa wa kilo 30 ana familia chache za kumpokea. Kwa hiyo barua zilikwenda nje, na nje kulikuwa na watu waliojua tayari kuhusu ngazi, kioo, kochi na nusukaputi. Italia ilichukua wengi. Wengine walikwenda Uingereza, Ufaransa, Ujerumani, Hong Kong na Marekani. Kila mmoja alihitaji chanjo, vipimo vya damu, kuhasiwa, kreti ya ukubwa wake na nafasi ya mizigo ndani ya ndege, na nafasi ndiyo iliyokuwa ngumu kupatikana kuliko fedha. Mwaka 2019 mabanda yakawa matupu.

Australia yenyewe bado haijamaliza hesabu zake. Februari 2015 kipindi cha televisheni cha Four Corners kilionyesha walimu wa mbwa wakitumia wanyama hai kama chambo cha mazoezi. Tume ya jaji Michael McHugh katika jimbo la New South Wales ikakadiria kwamba kwa miaka 12 mbwa kati ya 48,891 na 68,448 waliuawa kwa kuonekana hawana kasi ya kutosha. Waziri mkuu wa jimbo, Mike Baird, alitangaza marufuku Julai 2016 na kuifuta mwenyewe Oktoba mwaka ule ule, baada ya watu wa vijijini na wa chama chake kumkalia kooni. New Zealand, yenye mbwa wachache zaidi, ilitangaza Desemba 2024 kwamba itakomesha mbio za mbwa.

Marekani imebaki West Virginia, viwanja viwili vya kampuni moja, ambako sheria bado imefunga kamari ya mashine na mbio za mbwa pamoja. Arkansas ilikimbiza mbwa wake wa mwisho Desemba 2022. Matokeo yake ni hali ambayo hakuna aliyeitabiri mwaka 1982: vikundi vya kuokoa greihaundi vina wachukuaji waliojaza fomu, vina watu wa kujitolea, vina paka wa kupimia, na havina mbwa. Baadhi vimefunga hesabu zao na kugawa fedha zilizobaki. Vingine vimeanza kupokea greihaundi wanaosafirishwa kwa ndege kutoka Ireland na Australia, na ugomvi wa zamani umezuka upya kwa sura nyingine. Ireland hutenga kila mwaka asilimia 20 ya mfuko wa serikali wa mbio kwa ajili ya mbio za mbwa, na wapinzani wanauliza kwa nini familia ya Ohio igharimie kuwapunguzia wafugaji wa huko mbwa wa ziada, ili wapate nafasi ya kuzalisha wengine. Wanaopokea wanajibu kwa swali lile lile la kizimba na saa. Vichache vimegeukia Hispania, kwa galgo, binamu wa greihaundi, ambaye wawindaji wengi humtelekeza msimu wa sungura unapokwisha kila mwanzo wa Februari. Nako wamekuta watu wa huko wameshatangulia, wana magari yenye blanketi nyuma, na simu zao zinaita tangu asubuhi.